Inteki ya koni: inaongeza nguvu ya gari au inaongeza mlio tu?

Ukiingia kwenye kurasa za wauza spea Instagram, au kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye Mark X, Subaru, Crown na hata IST, hukosi kukutana na picha ya bomba la alumini linalong'aa lenye koni nyekundu au ya bluu mbele yake, na maelezo chini: inaongeza hosipawa 10 mpaka 15, inapunguza ulaji wa mafuta, gari inakuwa nyepesi. Afu kwenye komenti ndo vita inaanza. Mmoja anaapa tangu afunge yake gari inachanganya balaa, mwingine anasema ni kelele tupu umepigwa, fundi naye anakuja kusema hiyo kitu itakuulia injini. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli ila wanaongelea gari tofauti na hali tofauti, ndo maana hawaelewani. Watu wanatoa hela nyingi kwa hii kitu na wengine wanaharibu injini nzima nzima, kwahiyo tuifungue yote taratibu.

Kwanza majina. Inteki ni njia yote ya hewa, kuanzia pale inapoingia nyuma ya grili au pembeni ya taa, inaingia kwenye boksi la eya klina, inachujwa, inapita kwenye sensa inayopima hewa, hiyo mafundi wengi wanaiita eaflo, inaendelea na bomba la plastiki au la mpira mpaka kwenye throto, afu manifoldi, yale mabomba yanayogawia hewa, afu silinda. Throto ni kile kimlango cha duara kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Na hapa pana kitu wengi hawajawahi kuambiwa, kwenye gari ya petroli ukikanyaga mafuta hufungulii petroli, unafungulia hewa. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaangalia hewa iliyoingia ni kiasi gani ndo inaamua nozeli zimwage petroli kiasi gani, kwa kawaida kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na ukikandamiza kabisa inaongeza petroli kidogo juu ya hapo.

Maana yake nguvu ya injini inaanzia kwenye hewa. Injini inayopata hewa nyingi zaidi inaweza kuchoma petroli nyingi zaidi na kutoa nguvu zaidi, kwahiyo muuzaji anaposema hewa nyingi ni nguvu nyingi hajakudanganya. Swali ni moja tu, je hiyo inteki ya kiwandani inaizuia hewa kiasi gani mpaka uitoe?

Maana vinavyouzwa viko vya aina tatu na watu wanavichanganya. Kuna eya klina ya bapa ya pamba, inakaa ndani ya boksi lile lile la kiwandani badala ya ile ya karatasi. Kuna koni fupi, unatoa boksi lote unafunga kibomba kifupi na koni inabaki humo humo ndani ya boneti karibu na injini. Na kuna ile ya bomba refu linaloshuka mpaka chini nyuma ya bampa ili koni ivute hewa ya nje. Hizi tatu tabia zake hazifanani hata kidogo, kwahiyo mtu akikwambia "inteki inasaidia" muulize ipi.

Tupige hesabu

Chukua injini ya 1NZ-FE, hii iko kwenye IST, Probox, Raum, Premio za cc 1500 na gari kibao barabarani kwetu. Ina cc 1497 na ikitoka kiwandani inatoa hosipawa kama 109 ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Injini ya hivi inameza ujazo wake mara moja kila ikizunguka mara mbili, kwahiyo kwenye mizunguko 6000 ukiwa umekandamiza mafuta mpaka chini inavuta karibu lita 4500 za hewa kwa dakika. Ni hewa nyingi, na hiyo hewa yote inapita kwenye karatasi ya eya klina, kwenye bomba, kwenye kona zote.

Sasa kupita huko kunakula presha kidogo, na hiyo inapimika, tena kwa kitu rahisi tu. Chukua mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, uupinde uwe kama herufi U, utie maji, upande mmoja uunganishe kwenye bomba la hewa kati ya eya klina na throto, mwingine uache wazi. Ukikandamiza mafuta, maji yanapanda upande mmoja, na tofauti ya urefu ndo presha inayopotea njiani. Hewa ya usawa wa bahari kama Dar au Mombasa inasukuma sawa na safu ya maji ya mita 10 hivi, yaani sentimita 1000. Tuseme umepima ukakuta inteki yako ya kiwandani inapoteza sentimita 20 kwenye mizunguko ya juu kabisa. Sentimita 20 kwa 1000 ni asilimia 2.

Hiyo asilimia 2 ndo akiba yote iliyopo. Hata uking'oa kila kitu, eya klina, boksi, bomba, injini ivute hewa ya wazi bila kizuizi chochote, hupati zaidi ya hapo. Asilimia 2 ya hosipawa 109 ni hosipawa 2. Na koni nayo inazuia kidogo, haiko sifuri, kwahiyo kwa ukweli unaongelea hosipawa 1 hivi, tena ile ya kule juu mshale unapokaribia mstari mwekundu. Upotevu wa presha unapanda kwa mraba wa hewa inayopita, ukipunguza hewa nusu upotevu unabaki robo. Kwenye mizunguko 3000, ambako ndo unaishi kila siku ukienda kazini, zile sentimita 20 zinakuwa 5 tu, nusu asilimia. Hizo 10 mpaka 15 za kwenye tangazo hazina pa kutokea kwenye gari ya hivi, hazikuwepo toka mwanzo ili uzirudishe.

Ila kama eya klina yako imejaa vumbi mpaka imekuwa nyeusi hapo hadithi ni nyingine. Wengi wanaosema gari imebadilika walitoa eya klina iliyooza wakaweka koni mpya, na wangeweka eya klina mpya ya karatasi ya kawaida wangepata kitu kile kile kwa hela ndogo sana.

Kuhusu kupunguza ulaji wa mafuta

Hii ndo ahadi inayowauma watu zaidi, mtu anafunga koni akitegemea itajilipa kwenye petroli. Haijilipi. Ukiwa unatembea 80 barabara ya tambarare throto imefunguka kidogo tu, yaani wewe mwenyewe kwa mguu wako umeibania injini hewa kwa makusudi kwa sababu huhitaji nguvu zote. Kizuizi kikubwa cha hewa muda huo ni throto, na eya klina kizuizi chake ni kidogo sana ukilinganisha. Ni kama mrija wa madafu, ukiubana kwa vidole karibu na mdomo, hata kule chini uupanue vipi hunywi haraka zaidi.

Na hili limepimwa. Maabara ya taifa ya Oak Ridge kule Marekani walitoa ripoti mwaka 2009, walichukua gari za kisasa za nozeli, mojawapo Toyota Camry ya mwaka 2003, wakaziziba eya klina kwa makusudi afu wakapima ulaji wa mafuta. Hakukuwa na tofauti ya maana. Kilichobadilika ni kuchanganya, gari yenye eya klina iliyoziba ilichelewa kupanda mwendo mtu akikandamiza mafuta, na ukiweka safi inaimarika kama asilimia 6 mpaka 11. Nafuu ya mafuta inaonekana kwenye gari za zamani za kabureta, kama asilimia 2 mpaka 6, kwa sababu kabureta haina kontrol boksi ya kurekebisha petroli pale hewa inapopungua. Nadhani imani yetu ya "eya klina chafu inakula mafuta" ilitoka huko kwenye kabureta, ikabaki vinywani mwa mafundi mpaka leo. Sasa kama eya klina iliyozibwa kwa makusudi haikuongeza ulaji, kutoka kwenye safi kwenda kwenye koni kutapunguza nini?

Joto

Hapa ndo koni fupi inapoharibu mambo na wauzaji hawaligusi. Injini haihitaji ujazo wa hewa, inahitaji uzito wa hewa, maana oksijeni iko kwenye uzito. Hewa ikipata joto inapanuka, lita moja ya hewa ya moto ina oksijeni chache kuliko lita moja ya hewa ya baridi, na kanuni ya haraka ni kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka unapoteza kama asilimia 1 ya uzito. Nje Dar ni nyuzi 30 mchana. Ndani ya boneti ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, feni ya radieta inapuliza joto lote humo ndani, ekzosi iko hapo hapo, nyuzi 60 unafika bila shida. Tofauti ya nyuzi 30, umepoteza karibu asilimia 9 au 10 ya hewa ukihangaikia asilimia 2. Na kontrol boksi ikiona hewa ya moto inarudisha nyuma muda wa plagi kuwasha moto ili injini isigonge, yaani mchanganyiko usilipuke wenyewe ndani ya silinda, nguvu inashuka tena. Ukiwa umeshatoka kwenye foleni unakimbia hali inapoa, lakini haifiki kuwa sawa na nje.

Kumbe lile boksi baya la plastiki nyeusi ulilotupa, kwenye gari nyingi linavuta hewa yake kutoka nyuma ya grili au pembeni ya taa, mahali pa baridi, tena plastiki haipitishi joto kirahisi kama alumini. Waliolitengeneza walishakuwekea inteki ya hewa baridi toka kiwandani.

Wa Mbeya, Iringa, Arusha na Nairobi nao wana lao hapa, gari ikitoka Dar ikapanda mlima Kitonga inaanza kuonekana nzito, mtu anashauriwa afunge inteki "ipumue". Tatizo la huko ni hewa yenyewe ya nje kuwa nyepesi. Kwa kila mita 100 unazopanda injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu, kwahiyo Mbeya au Nairobi kwenye mita kama 1700 umeacha njiani asilimia 17 hivi, ile 1NZ ya 109 inabaki na 90. Hiyo hakuna bomba linaloirudisha kwa sababu hewa yote inayokuzunguka ndo iko hivyo, kinachoirudisha ni tabo inayobana hewa kabla haijaingia.

Mbona mimi naisikia kabisa imebadilika?

Ndio unasikia, na hujidanganyi kuhusu unachosikia, mlio umebadilika kweli. Ukiangalia bomba la kiwandani utaona pana kibuyu cha plastiki kimeota pembeni, hakina njia ya kutokea, wengi wanadhani hakina kazi. Kazi yake ni kumeza mawimbi ya sauti. Valvu zinapofunguka na kufungwa zinatuma mapigo ya sauti kurudi nyuma kwenye bomba, kile kibuyu na lile boksi vinayazima ili usikie kimya ndani ya gari, na kwenye injini nyingine vimepangwa ili hayo mapigo yasaidie kusukuma hewa kwenye mizunguko ya kati. Ukiving'oa injini inaunguruma ukikanyaga, na akili ya binadamu inaunganisha mngurumo na mbio, hii ni kwetu sote, hata dereva mzoefu.

Ukitaka kujua ukweli pima muda. Kutoka 60 mpaka 100, gia ile ile, watu wale wale ndani, saa ile ile ya siku, njia ile ile kwenda na kurudi ili upepo na mwinuko vifutane, urudie mara kadhaa afu utoe wastani, ufanyie sehemu iliyofungwa isiyo na magari wala watu. Au nenda kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu. Ila na daino uwe mwangalifu, gari ile ile bila kubadili chochote inaweza kutofautiana asilimia 1 au 2 kati ya mzunguko na mzunguko, kwahiyo hosipawa 2 kwenye gari ya 109 inapotelea humo humo. Na angalia picha za majaribio ya wauzaji, mara nyingi boneti iko wazi na lifeni likubwa linapuliza mbele ya koni. Hali hiyo wewe hutaipata Mandela Road saa kumi na moja jioni. Kingine wanachofanya ni kuchukua sehemu moja tu ya grafu ambapo tofauti ilikuwa kubwa kuliko zote, afu namba hiyo ndo inaenda kwenye tangazo.

Eaflo, hapa ndo injini zinapofia

Naomba hapa usome taratibu hasa kama una Subaru ya tabo. Eaflo haipimi hewa yote, inapima kasehemu kadogo katikati ya bomba afu kontrol boksi inazidisha, na inazidisha kwa kuamini kwamba bomba lina upana ule wa kiwandani. Sasa chukua bomba la kiwandani lenye kipenyo cha milimita 60, wewe umefunga la milimita 70 kwa sababu kubwa ndo bora. Eneo la ndani limeongezeka asilimia 36. Eaflo ikisoma kile kile ilichokuwa inasoma, hewa halisi inayopita ni asilimia 36 zaidi ya kontrol boksi inavyojua. Petroli inamwagwa ya hewa kidogo huku hewa iliyoingia ni nyingi, mchanganyiko unakuwa mkavu.

Ukitembea polepole, sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi inaona ukavu na kontrol boksi inaongeza petroli mpaka inafika mwisho wa uwezo wake, hapo ndo taa ya cheki injini inawaka, ukipima kwa mashine unakuta kodi ya kosa P0171, ya mchanganyiko mkavu. Wengi wanafuta kodi wanaendelea, jamani msifanye hivyo. Hatari yenyewe iko ukikandamiza mafuta yote, kwa sababu hapo gari nyingi zinaacha kusikiliza ile sensa ya ekzosi na kufuata hesabu ya eaflo tu. Mchanganyiko mkavu, tabo inasukuma, joto ndani ya silinda linapanda, injini inagonga. Zile injini za Subaru za EJ zenye tabo zinajulikana kwa pistoni kuvunjika pale kwenye kingo zinazoshika ringi, na ukavu wa namna hii ni njia moja ya kufika huko. Kinachofuata ni ovahoo au kutafuta injini nyingine, na hela hiyo ni nyingi kuliko koni mia.

Inteki zilizotengenezwa kwa umakini zinabakiza kipenyo cha kiwandani pale eaflo inapokaa, au zinasema wazi kabisa usiwashe gari mpaka kontrol boksi ityuniwe, yaani ipangiwe upya hesabu zake. Zile za kuokoteza, bomba la saizi moja kwa gari zote, hazisemi kitu. Honda nyingi za zamani hazina eaflo, zinapima presha ya manifoldi, hizo hazisumbuki sana na kipenyo. Na ukitumia koni ya pamba inayopakwa mafuta usiyamwage kama unakaanga, yakizidi yanarukia kale kawaya ka eaflo na usomaji unaharibika.

Vumbi letu

Huko kwenye video za Marekani wanaotest koni wanakimbia kwenye lami safi. Sisi tuna changarawe, tuna vumbi jekundu la Dodoma na Singida, tuna lori mbele yako linalokuachia wingu. Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda, chembe ambazo huzioni kwa macho zikipita zinakaa kati ya ringi na ukuta wa silinda zinasugua kama msasa, baada ya muda gari inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu na hakuna atakayekumbuka koni. Filta zinapimwa kwa utaratibu unaoitwa ISO 5011, zinapulizwa vumbi maalum halafu inapimwa vumbi kiasi gani limepenya, na kanuni inayojirudia ni hii, kwa filta za ukubwa ule ule, inayoachia hewa kirahisi zaidi huwa inaachia na vumbi zaidi. Karatasi nayo ina tabia nzuri, ikishapata vumbi kidogo juu yake inachuja vizuri zaidi ya ilipokuwa mpya.

Una koni tayari? Ifungue, chukua kitambaa cheupe, pangusa ndani ya bomba upande wa baada ya filta. Kitambaa kikitoka na vumbi, hilo vumbi ndo injini inalila kila siku.

Hapo hapo niseme na kuhusu kupuliza eya klina kwa kompresa pale gereji. Mafundi wengi wanaweka mdomo wa kompresa karibu kabisa na presha kubwa, karatasi inapasuka vitundu vidogo ambavyo hutaviona, unaondoka na eya klina inayoonekana safi na inavuja. Kama lazima upulize, presha ndogo, mbali kidogo, kutokea ndani kwenda nje. Kununua mpya ni bora.

Zile za bomba refu zina shida nyingine, maji. Koni ikikaa chini nyuma ya bampa karibu na taa za ukungu, siku mvua imejaza maji pale Jangwani, Dar, na wewe umeamua kupita, koni inavuta maji. Silinda inabana hewa, maji hayabaniki, pistoni inapanda inakutana na maji, koneki rodi inapinda au inatoboa bloku. Gari ya boksi la kiwandani ingeweza kupita pale pale kwa sababu mdomo wake uko juu zaidi. Na gari ikizima ndani ya maji usijaribu kuwasha tena hata mara moja, toa plagi kwanza uone kama kuna maji.

Snokeli na feni

Watu wanaiona Land Cruiser ya safari na snokeli yake, lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, wanasema inasukuma hewa kwa nguvu gari ikikimbia. Snokeli ni ya maji na vumbi, kule juu hewa ina vumbi pungufu, kwa kazi hiyo ni kitu kizuri mno. Kwa nguvu, hapana. Upepo wa gari inayokwenda kilomita 100 kwa saa, hata ukiukamata wote kwa ustadi, unaongeza presha isiyofika nusu asilimia.

Hii nyingine inanikera kweli, tabo ya umeme, kafeni ka plastiki unakachomeka kwenye bomba la hewa kanazunguka kwa betri. Ili kuisukumia 1NZ hewa kwenye mizunguko ya juu kwa presha ndogo tu ya baa 0.3 unahitaji karibu kilowati 3. Kwa umeme wa volti 12 hizo ni ampea 250, alteneta ya gari ya hivyo haifikishi hata nusu, na kale kafeni kanatumia ampea chache tu. Hakasukumi hewa, kanaizibia njia. Tabo za umeme za kweli zipo, Audi waliweka kwenye SQ7 ya mwaka 2016, wakalazimika kuipa gari mfumo wa volti 48 kwa ajili hiyo.

Wapi inteki inafanya kazi kweli

Ipo, na ndo maana yule mmoja kwenye komenti hadanganyi. Chukua Subaru STI iliyotoka na hosipawa 280, mwenyewe akaweka tabo kubwa, nozeli kubwa, anataka 400. Hewa inayohitajika imepanda asilimia 43, na kwa ile kanuni ya mraba upotevu kwenye inteki ya kiwandani unakuwa mara mbili, zile sentimita 20 zinakuwa 40. Na hii ni kabla ya tabo, ambako kila kinachopotea kinazidishwa, kama tabo inabana hewa mara mbili basi upotevu wa sentimita 40 mbele yake unahesabika kama 80 nyuma yake, tabo inazunguka kwa nguvu zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi. Hapo inteki kubwa yenye kinga ya joto, imefungwa pamoja na kutyuni kontrol boksi, inalipa kabisa. Ila angalia mpangilio wake, inteki imekuja baada ya mambo mengine kuihitaji.

Kwenye gari ya tabo ambayo haijaguswa, kontrol boksi ina lengo lake la presha na itashikilia lengo hilo hilo hata ukiweka koni, utapata ule mlio wa tabo kuvuta pumzi ambao wengi ndo wanautaka hasa, na kuutaka mlio si kosa, gari ni yako. Nunua ukijua unanunua mlio.

Kwa ambaye ameshafunga na hataki kutoa, fanya haya wiki hii. Pima kipenyo cha bomba pale eaflo inapokaa ulinganishe na la zamani, kama hayalingani rudisha la zamani au tafuta mtu wa kutyuni. Tengeneza ukuta wa kukinga joto kati ya koni na injini, uzibe mpaka kwenye boneti, uache uwazi upande wa hewa ya nje. Nunua kale kaskana kadogo ka bluetooth ka kuunganisha na simu, kwenye baadhi ya Toyota za Japani za zamani kanagoma ila nyingi kanasoma, uangalie namba mbili: joto la hewa inayoingia, likiwa juu ya joto la nje kwa nyuzi zaidi ya 15 ukiwa unatembea barabarani koni inakula hewa ya moto, na marekebisho ya petroli ya muda mrefu, yakizidi asilimia +10 mchanganyiko ni mkavu na hutakiwi kukandamiza mafuta mpaka ujue kwa nini.